Watoto Thelathini wa Bwana Mkaguzi

Jumatatu, 9 Machi
Nimepaka ubao masizi, kama kila Jumatatu. Tarishi kaleta barua ya boma. Sheria mpya. Shule isiyo ya serikali wala ya misheni iandikishwe. Isiyofikisha watoto thelathini ifungwe, watoto waunganishwe na shule kubwa ng'ambo ya mto. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Ninao thelathini na wanne. Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 10 Machi
Mke wa Mzee Margwe amefariki. Hapa Masieda nyumba yenye msiba hujitenga. Hawaendi kwa watu, watu hawaendi kwao, mpaka wazee waseme basi. Watoto sita wa nyumba ile ni wanafunzi wangu. Wanabaki ishirini na wanane. Naona aibu: hesabu ilinijia kabla ya huzuni.

Jumatano, 11 Machi
Sijala. Wakati wa masika watoto wadogo hawawezi kuvuka mto ule. Tukifungwa, watarudi kuchunga, basi.

Alhamisi, 12 Machi
Nimekwenda kwa Mzee Margwe. Nilisimama nje ya ua, mbali, nikapaza sauti. Shikamoo, mzee. Akaitikia. Nikamwomba watoto, siku moja tu. Nguzo za shule alizikata yeye.
"Mwalimu, wewe umesoma," alisema. "Ukisema inafaa, watakuja."
Nikasema inafaa. Mimi, niliyezaliwa hapa hapa. Nilijua na nikasema.

Ijumaa, 13 Machi
Sita walifika mapema, wakakaa mbele. Wenzao walifika mlangoni, wakawaona, wakageuka. Hakuna hata mmoja aliyeingia. Siwalaumu. Mkaguzi alishuka garini, akahesabu sita, akarudia. Nilimweleza habari za msiba. Aliandika tu huku nikisema. Najichukia.

Jumatano, 15 Aprili
Barua imekuja. Tumefungwa. Nikifundisha tena, nitashtakiwa. Sina wa kumwambia. Tangu niwapokee wale sita, nami nahesabiwa mtu wa msiba. Watu wakiniona wanapita njia nyingine. Maziwa ninaachiwa kwenye jiwe.

Jumatatu, 20 Aprili
Jana wazee walisema basi. Asubuhi nilikwenda shuleni kuchukua ubao. Nikawakuta watoto wamejipanga uwanjani, wamenawa miguu, na wale sita wamo katikati yao. Mzee Margwe alikuwa kando, ameleta nguzo mpya ya mlango. Barua ya kufungwa ilikuwa mfukoni mwangu; wao hawakujua. Nimeita majina kwanza, taratibu, yote thelathini na manne. Wote wameitika. Kisha nimeitoa ile barua, niwasomee.