Kinyozi Ameninyoa Nusu: Habari Itoke au Isitoke?

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimevaa kofia ya sufu ndani ya darasa lenye joto, na sababu nitaieleza, ila nakuomba sana usicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni mhariri wa gazeti la wanafunzi chuoni kwetu, na mteja wetu mkubwa wa matangazo ni kinyozi aliye mkabala na geti, ambaye halipi fedha bali hutunyoa bure sisi wote wa chumba cha habari, mtindo mmoja, hata tukipita pamoja watu hudhani ni timu ya mpira, na sisi tunampa nusu ukurasa, na muhula uliopita akaomba tangazo lake lisifanane na tangazo, nami, Mungu anisamehe, nikaandika "Utafiti Wabaini: Wanaonyoa Kila Wiki Hufaulu Mitihani", utafiti tulioufanya mimi na yeye tukiwa tumekaa kwenye benchi lake, na wanafunzi wakafurika kwake, hadi mwalimu wa takwimu akaniita kuniuliza sampuli ilikuwa ya watu wangapi.

Sasa mwandishi wetu wa habari za afya, dada anayesuka nywele na ambaye kwa hiyo hajawahi kunyolewa bure, ameleta habari kwamba wanafunzi wengi wameota mapunye na wote wametoka kwenye kiti kile kile, kwa sababu kinyozi hapaki spiriti kwenye mashine, huipuliza tu kwa mdomo, na picha anazo, na nesi wa zahanati ya chuo amethibitisha. Nikaona ni ustaarabu nikamweleze kinyozi kwanza. Kosa langu ni kwamba nilikaa kwenye kiti kabla ya kusema. Alipofika katikati ya kichwa nikamwambia, naye akazima mashine.

"Bosi, mimi nakutengeneza, wewe unanibomoa?"

"Fundi, si mimi, ni mwandishi."

"Basi huyo mwandishi aje akumalizie. Habari ikifutwa, upande wa pili ni bure kama kawaida."

Nikakimbilia kwa mlezi wa wanafunzi, naye ana mtindo ule ule wetu, akasema, "Kijana, kwa nini msiandike kuhusu upandaji miti?" Wenzangu wanasema niifute, maana picha za mahafali zinakaribia. Mwandishi anasema isipotoka Ijumaa hii anaacha kazi na kuibandika mwenyewe mlangoni kwa kinyozi. Mshauri, nifanyeje, na kofia inawasha?

Mhariri Mwenye Kofia

*

Mwanangu Mhariri,

Nimecheka, na sikungoja mwisho. Pole. Ila kofia ikiwasha, usilaumu sufu. Nenda kwa nesi leo hii. Ulijua mashine ina mapunye, ukaenda kuipelekea kichwa!

Sasa tulia nikueleze, maana nadhani hakuna aliyekueleza. Msomaji akiona tangazo anajua muuzaji ndiye anayesema, kwa hiyo hujihadhari. Akiona habari huacha kujihadhari, kwa sababu anakuamini wewe. Imani hiyo si mali yako, umepewa uitunze. Wewe ulimwazima kinyozi kwa bei ya kunyolewa, na wenzako wakaenda kukalia kile kiti wakidhani wanafuata sayansi. Hayo mapunye, mwanangu, sehemu yake ni kazi ya kalamu yako. Ndiyo maana huna ruhusa ya kuifuta habari hii, hata kama ungebaki nusu hivyo hivyo mpaka uzeeni.

Tena jiulize kwa nini habari imeletwa na yule dada, wala si na ninyi mnaokaa pale kila wiki na kumwona fundi akipuliza. Macho mnayo. Yeye hadaiwi kichwa, basi.

Habari itoke Ijumaa, ukurasa wa kwanza. Kabla ya hapo mpelekeeni kinyozi maswali, na majibu yake yachapwe yote, hata akiwatukana. Hiyo ni haki yake, na pengine ameshanunua spiriti. Karibu na habari hiyo, kwa herufi kubwa kama zile za mwanzo, andika kwamba ule utafiti haukuwapo. Kisha nenda kwa mwalimu wa takwimu ukamwombe radhi. Kuanzia toleo hilo, kila tangazo liandikwe TANGAZO juu yake, na anayetaka lisionekane hivyo akatafute ukuta apake rangi. Mlezi wenu mheshimu, lakini mwombe aandike katazo lake na kulitia sahihi. Utashangaa jinsi atakavyoipenda habari yenu ghafla. Mkumbushe na yeye apite kwa nesi.

Kuhusu hicho kichwa, umeniandikia barua nzima kana kwamba dunia ina mashine moja. Kinyozi mwenyewe alishakupa ushauri mzuri: mwandishi aje akumalizie. Nunua wembe mpya, nesi akikuruhusu, ukae kwenye kiti cha chumba cha habari, umkabidhi yule dada. Ila kabla hajakugusa, akuvue hiyo kofia akupige picha. Iwekeni ukurasa wa kwanza, na chini yake maneno haya: "Mhariri wa gazeti hili amekuwa akinyolewa bure na kinyozi anayetajwa katika habari hii. Upande wa pili amejilipia mwenyewe."