Kidonda Kilichokatazwa Kupona

Nkwenda, 9 Machi 1953

Mdogo wangu Placidius,

Pokea salamu zangu huko hospitalini kwenu Bukoba. Hapa nyumbani watu wazima, ng'ombe wazima, mvua imekuja na nyasi zimeota. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, maana barua ya Kinyambo mama mkwe huomba asomewe, na leo sitaki anisikie.

Ni ule mguu. Unakumbuka mwaka nilioolewa hapa nilipewa kazi ya kufukiza vyombo vya maziwa, chetezo cha moto katikati ya magoti asubuhi na jioni, kimeegemea ugoko, mfupa wa mbele wa mguu. Kiliniunguza, kikaniunguza tena palepale, pakawa kidonda. Ni miaka kumi na miwili sasa. Kila kikitaka kufunga, mama mkwe hukifungua kwa majani ya moto. Anasema uchafu ukifungiwa ndani utapanda moyoni. Nami natoa mguu.

Sasa pembeni pameota nyama ngumu, imeinuka kama uyoga, na inanuka. Na unajua wamefanya nini? Wamenikataza kugusa maziwa, eti harufu yangu itayaharibu. Mimi niliyeunguzwa kwa ajili ya maziwa yao, leo nakula peke yangu nyuma ya nyumba. Hasira niliyo nayo hata usingizi sipati.

Nitumie ule unga wa njano mnaonyunyizia vidonda huko kwenu, ukimpata mtu wa kuja huku.

Dada yako,
Kobusingye

*

Bukoba, 28 Machi 1953

Shikamoo dada,

Mimi mzima, kazi yangu ya kufunga vidonda vya watu inaendelea. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na hasira ikawa ileile.

Unga situmi. Nilimweleza daktari wetu, akasema anaogopa hiyo ni saratani. Nakueleza kama nilivyomwelewa. Mwili ukiungua, nyama iliyoumia huita msaada. Damu huleta askari wake, ndiyo maana panakuwa pekundu, panavimba, panapata moto. Wakimaliza kazi huondoka na ngozi hufunga. Wako hawakuachwa wamalize. Kila mama mkwe alipokifungua, nyama iliita upya, askari wakarudi, nyama ikahimizwa kuota, tena na tena, miaka yote hiyo. Mwishowe imeota ile isiyosikia amri ya kuacha. Na askari waliozoea kushinda pale hawaifukuzi tena. Wanailisha.

Najua mama mkwe wako hana nia mbaya. Lakini nia yake njema imekula mguu wako, nami bado sijaweza kumsamehe.

Njoo upesi. Mguu utakatwa chini ya goti. Na ujipapase kwenye kinena uniambie kama kuna tezi yoyote, kwa sababu saratani ikishahamia huko, kisu cha daktari hakitaifikia.

Mdogo wako,
Placidius

*

Nkwenda, 20 Aprili 1953

Placidius,

Marahaba. Salamu za nyumbani baadaye. Kukatwa mguu unaniandikia kama mtu anayeagiza chumvi? Hukuuliza hata kama nataka. Nani atachota maji? Nani atapalilia migomba? Nilimweleza mume wangu Byarugaba, akaacha chakula akaenda zizini. Mama mkwe akasema watu wa hospitali hukata kwa sababu hawajui kutibu, akaenda kupasha majani yake. Safari hii nilimnyima mguu. Basi na wewe nakunyima. Mguu ni wangu, acheni kuugombea.

Kwenye kinena kuna kitu kidogo kama harage. Hakiumi.

Dada yako,
Kobusingye

*

Bukoba, 8 Mei 1953

Shikamoo dada,

Mimi sijambo, na hali yako siulizi maana umeshanijibu.

Hilo harage ndilo tezi yenyewe. Daktari anasema ni kituo cha wale askari. Huenda imevimba kwa uchafu wa kidonda tu, huenda saratani imeshaingia. Hawezi kujua mpaka mguu uondoke. Kama ni uchafu, itanywea. Kama siyo, haitanywea. Na kila wiki unayokaa huko unaipa nafasi.

Kasirika, nitukane, una haki. Lakini kasirika ukiwa ndani ya lori. Kemirembe ana miaka minane, na binti yako huyo hana mama wa akiba.

Mdogo wako,
Placidius

*

Nkwenda, 15 Oktoba 1953

Mdogo wangu Placidius,

Marahaba, na asante kwa siku zote ulizonifunga bandeji, hata ile niliyokutupia kikombe. Nilifika nyumbani salama mwezi uliopita, na mguu mmoja. Byarugaba aliningoja pale lori linaposhushia watu, akabeba mzigo, akatembea polepole kwa ajili ya magongo yangu.

Sasa sikia. Naingia uani namkuta Kemirembe amekaa na chetezo katikati ya magoti. Kazi yangu walimpa yeye nilipokuwa huko. Ugokoni, palepale, ana jeraha la moto, na mama mkwe yuko pembeni anapasha majani. Placidius, nilipiga kelele hata ng'ombe wakageuka. Nikamwambia, "Mama, mguu wangu nilikupa. Wa mtoto huupati."

Akalia. Akasema miaka yote alikuwa akinitibu kwa mikono yake mwenyewe, na ni kweli, alikuwa akinitibu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana hata wa kumchukia sina. Akamwita Byarugaba aamue. Byarugaba akaenda kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Basi nikaamua mimi. Chetezo nimekiweka juu ya mawe matatu, vyombo vinafukizwa hapo, na maziwa yananukia vilevile. Mawe hayo yalikuwa uani siku zote, Placidius. Tulikuwa tukiyakalia. Jeraha la mtoto nililiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikalifunga kitambaa safi kama nilivyokuona ukifanya, nikakaa mlangoni na gongo langu.

Ulisema niwe naipapasa ile tezi. Ipo. Haikunywea, imekua, na ya pili imetokea kando yake. Usiniandikie maneno ya kunipoza, sitayasoma. Nikiondoka, njoo umchukue Kemirembe asome huko kwenu. Byarugaba nimeshamwambia, na safari hii alijibu. Alisema ndiyo.

Leo asubuhi tumekaa juani, nikafungua kitambaa. Jeraha limefunga. Ngozi mpya imekuja, laini, hata doa litafutika. Nimeupapasa ugoko ule mpaka mtoto akaniuliza nalilia nini. Halikutaka dawa yoyote, mdogo wangu. Lilitaka kuachwa tu.

Dada yako,
Kobusingye