Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Thika, Jumapili, baada ya kanisa

Kwa mke wangu Wakesho,

Salamu kwanza, maana nikizisahau utaikunja barua hii na kuniita mtu asiye na adabu. Hamjambo huko Wundanyi? Mama amepona kile kikohozi? Na binti yetu Mghoi bado anakataa uji mpaka uuonje wewe kwanza? Huku mvua imegoma na vumbi linaingia hata kwenye chai. Najua kwenu ukungu haujaondoka mpaka saa hizi, nami nauonea wivu.

Mimi ni mzima, ila mgongo na mguu. Safari iliyopita nilikuandikia kwamba kiuno kinauma kidogo. Sasa nikueleze vizuri, na usimwambie Mama yote.

Unamkumbuka Kamau, fundi mwenzangu niliyekuwa nashona naye kwenye baraza ya duka la Mhindi, yule aliyekutumia kitambaa cha maua. Mambo ya Hali ya Hatari yalipozidi, askari walimchukua asubuhi moja kwa lori, yeye na wengine, na mpaka leo sijui aliko. Zamani kila jioni tulikuwa tukiziingiza cherehani dukani pamoja, yeye ameshika huku na mimi huku, tukitaniana njia nzima. Alipoondoka nikawa nabeba peke yangu, maana Mhindi ana tumbo lake na visingizio vyake. Jioni moja nikainama, nikainua, nikasikia kitu kimeachia kiunoni. Maumivu yakateremka pajani mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia.

Nikajipaka mafuta, nikalala juu ya ubao. Maumivu yakapungua kidogo nikashukuru Mungu, kumbe mguu wenyewe ulikuwa unaniaga. Sasa nikitaka kuinua vidole haviinuki. Nikitembea unyayo unapiga chini pa, pa, na kiatu hubaki nyuma bila mimi kujua. Mama Mueni, Mkamba anayeuza uji karibu na baraza, akinisikia huniita, "Wee fundi, leo umeua mende ngapi?" Nacheka naye. Lakini Wakesho, mguu huo ndio wa kukanyagia cherehani. Vidole visipopanda, gurudumu hurudi nyuma na uzi hukatika. Nimejaribu wa kushoto, nashona kama mtu anayejifunza. Mhindi ananitazama tu, halafu anauliza, "Fundi, mguu yako napona lini?"

Basi nikaenda hospitali Nairobi. Daktari Mzungu akanigonga goti kwa nyundo ndogo, akanichoma unyayo kwa pini nisisikie kitu, wakapiga picha ya mifupa. Dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, akanifasiria. Anasema kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna kitu laini kama mto, na mmoja umefumuka mshono. Pamba imetoka nje, inabana mshipa unaoshuka mguuni. Mimi fundi nilielewa upesi kuliko alivyotarajia.

Akasema naweza kulala chali wiki nyingi mguu umefungwa uzito, halafu wanivike koti la plasta. Bila kisu. Lakini mshipa unaobanwa hauna subira, na mguu unaweza kuwa umekufa kabla mgongo haujapona. Au wanipasue, watoe kile kipande kilichotoka. Au wanipasue na kuiunga mifupa kwa kipande cha mfupa wa nyonga, mgongo usiteguke tena, ila nao usikunjike tena, na fundi asiyeinama ni fundi gani? Kuhusu mguu haahidi chochote. Mguu ukikataa kupona, nitavaa chuma kwenye kiatu cha kuinua vidole. Nikamwambia dresa amwulize: nitakanyaga cherehani? Nikakaa kitini nikamwonyesha kwa miguu. Wakasemezana. "Anasema labda," dresa akaniambia. Nikamwambia amwulize tena. Akaniletea labda ile ile.

Kitanda kitakuwa wazi Jumatano. Nisipokwenda atapewa mtu mwingine.

Aisifuye mvua imemnyea, kwa hiyo jana nikaenda Ruiru kumwona mtu mmoja, Mutua, aliyekuwa akichonga mawe, ambaye alipasuliwa mgongo na daktari yuyo huyo. Ukimwita anageuka mwili mzima, maana yeye aliungwa mifupa. Mawe ameacha, sasa analinda lango la shamba la kahawa. Akaniambia maumivu yaliisha, kweli yaliisha. Nikamwuliza kama aliogopa kisu. "Kisu si kitu, ndugu yangu. Unalazwa usingizi hata hujui. Wewe uko na mtu huku?" Nikasema sina. Akanimiminia chai nyingine.

Niliporudi chumbani niliketi kitandani viatu vikiwa miguuni. Majirani wengi hawapo, na walio katika nyumba zilizobaki hawasemi na mtu. Mke wangu, ninaogopa. Sikuogopa hivi hata siku lori lilipokuja.

Sasa nakuuliza: nikubali kisu, au nilale na plasta nimwachie Mungu mguu? Ungenishauri nini?

Nisalimie Mama, umwambie aendelee na ile dawa ya kifua. Nisalimie kaka yangu Mwadime, aliyenisindikiza stesheni Voi, na shangazi yako muuza tumbaku, aache kusema nimeoa huku. Mghoi umbusu.

Wakesho, najua barua hii haitakufikia kabla ya Jumatano. Italala Voi mpaka apatikane mtu wa kupanda nayo mlimani, na jibu lako likifika nitakuwa nimekwisha kupasuliwa. Maana nimeamua. Watoe kile kipande, mifupa wasiiunge. Lakini jambo kubwa kama hili mtu haliamui bila kumwuliza mkewe, na huku sina hata mmoja wa kumwuliza. Kwa hiyo nimekuuliza. Nawe unijibu kama mtu ambaye neno lake linangojwa. Kama ni kunikataza, nikataze.

Mumeo,
Mwakio