Jua la Bun-rye Limo Sinkini

Geum-ja, weka chini hicho kisu cha kabichi usome. Sasa hivi tumetoka kwa akina Pyo, wakwe watarajiwa wa binti wa mdogo wangu Bun-rye.

Unalikumbuka lile jua alilolifuma kwa kroshia? Kiini cha manjano, miali ya rangi ya chungwa, mraba wa buluu ukiizunguka. Alilifuma na kulifumua majira yote ya baridi, akampelekea mama wa mchumba wa bintiye alitundike ukutani.

Tumelikuta kwenye sinki. Kwenye sinki, Geum-ja! Limelowa mafuta ya supu ya kimchi.

Na yule mama, bila haya: "Dada, dodoki lako halina mfano! Masizi yote ya sufuria yametoka!"

Dodoki! Kwa watu wa namna hiyo, kila kilichofumwa kwa mkono ni cha kusugulia vyombo. Ungewapa shali, wangesugulia bafu.

Nilimgusa Bun-rye kwa kiwiko: sema! Akamtazama bintiye, aliyekuwa akimenya tufaha. Harusi ni mwezi ujao. Akamwambia yule mama:

"Nimefurahi kuwa limekufaa."

Limekufaa! Mtu aliyelelewa nami nyumba moja!

"Basi niongezee jingine," akasema yule mama, "ila hilo ulitie kitanzi, nilining'inize bombani."

Bun-rye akainamisha kichwa, akakubali.

Sasa ameketi kando yangu basini. Anasema hilo la pili atalifuma kwa uzi mweusi, masizi yasionekane. Jua jeusi, Geum-ja!