Daktari Aliyemuuliza Babu Yako

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Nairobi tu wazima, babu yako na redio yake yenye kelele. Mama yako amepona mafua.

Unauliza kama maumivu yako ya kila mwezi yanaletwa na mawazo, kama daktari alivyowaambia wewe na mumeo. Maneno hayo nayajua, na siyaamini upesi.

Miaka ya sitini, tukikaa Kileleshwa nyuma ya nyumba ya tajiri aliyemwajiri babu yako, tumbo liliniuma hadi nikashindwa kusimama. Akina mama wa kanisa wakaja, wakasema nimtaje niliyemkasirikia, ndipo nitapona. Nikamtaja mama mkwe. Sikupona, ila mama mkwe alipata habari.

Daktari wa mjini hakuniuliza mimi. Alimuuliza babu yako, "Mama ana mawazo?"

"Analia sana," babu akajibu.

Nikapewa vidonge vya usingizi. Nililia kwa sababu naumwa. Wao wakageuza, eti naumwa kwa sababu nalia.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. "Ndiyo, nina mawazo," nikamwambia. "Sasa nishike tumbo." Akashika. Kulikuwa na uvimbe.

Rudi kwa huyo daktari wako, Nekesa. Na mumeo abaki nje.

Ni mimi, kukhu wako.