Baba na Malkia wa Ravelonia

Jumatatu, 4 Machi
Baba bado hasemi. Tangu kiharusi kimwangushe akiziba bomba kwa mteja, kinywa chake kinatoa pumzi tu. Ila macho yanafuata kila kitu — nashukuru. Mtaalamu wa matamshi kasema nimsomee anachokipenda. Nikacheka moyoni. Fundi bomba mzima, anachokipenda ni riwaya za mapenzi na mapanga za Ulaya isiyokuwepo! Nimeopoa moja kabatini, imetafunwa na unyevu. Ravelonia: milima, theluji, malkia kijana, na nahodha wa walinzi anayempenda kimyakimya. Ukiitafuta kwenye ramani utachoka. Nimesoma sura mbili. Baba kalala akitabasamu upande mmoja.

Jumatano, 6 Machi
Cherehani haijapoa leo, magauni ya harusi tupu. Nimewahi kurudi hivyohivyo. Jenerali mnafiki kamteka malkia; nahodha kavuka mto wa barafu na farasi wake. Barafu ikipasuka inaliaje? Sijui. Nikagonga sufuria. Baba katikisika kwa kicheko hadi mate yakamtoka. Nikamfuta, nikaendelea. Hata alipokuwa mzima hatukuwa tukicheka hivi, mimi na yeye.

Ijumaa, 8 Machi
Kurasa za mwisho hazipo, zimeoza. Malkia kaokolewa, kagombana na nahodha, yumo ndani ya gari la farasi anavuka mpaka — basi, kitabu kimekatika. Nikatunga. Malkia nikamwoza kwa mwana mfalme wa jirani, nahodha nikamzika kwa heshima zote. Nikajiona mtunzi.
Baba kapiga godoro kwa ule mkono wenye nguvu.
"Hapana."
Neno. Neno zima! Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Nikamuuliza, nahodha asife? Katikisa kichwa kukubali. Na malkia je? Kapambana na ulimi, jasho likamtiririka.
"Arudi."
Nikasema sawa Baba, arudi. Kisha nikamtazama vizuri, nikaelewa. Mama aliondoka kwa hasira mwaka juzi, yuko kwa mama mkubwa, na Baba si mtu wa kumbembeleza mtu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimempigia Mama. Nimemwambia Baba kaanza kusema. Akauliza kasema nini. Nikamweleza yote, na Ravelonia yake.  Kisha simu ikakatwa.

Jumapili, 10 Machi
Mama yupo! Kaja na basi la asubuhi. Nimejifanya nachemsha chai. Naandikia hapa mlangoni mwa jiko, nawaona wote wawili. Asante Mungu, hata kama ataondoka jioni.
Hajamsalimia. Kasimama mbele ya kitanda, kaniuliza mimi malkia kafika wapi. Kumbe enzi za uchumba Baba ndiye alikuwa akimsomea riwaya hizi! Nikamwambia yuko mpakani, Baba anataka arudi. Mama kasema malkia mwenye akili zake hageuzi farasi kwa salamu za kutumiwa. Mwenye shida aseme mwenyewe.
Baba kasikia. Mshipa wa shingo umemsimama. Natamani kumsaidia; najizuia.
"Nisa—" anasema. Anameza mate. "Nisa—"
Mama naye hamsaidii. Mkoba ameuweka chini, bado kasimama, anasubiri amalize.