Gauni la Kuvulia

Stockholm, Jumanne, Novemba 1974. Mvua ya theluji tangu asubuhi. Saa tisa alasiri taa za barabarani zimeshawaka.

Gauni namba saba litashonwa ubavuni. Mkuu wa idara ya mavazi ametamka hivyo leo saa tatu asubuhi, mbele ya wajumbe watatu wa kamati ya maonyesho na mimi. Kadi yake ya maelezo itasomeka: "Gauni la jioni. Mwenyewe hajulikani." Kazi iwe imekwisha ifikapo Ijumaa.

Mshonaji aliyetajwa ni mimi.

Sitalishona.

Naandika hivi, nani kasema nini na saa ngapi, kwa sababu miaka ya kuandika ukurasa wa mitindo katika gazeti moja la Dar es Salaam haijanitoka. Nilikuja huku kusomea ukataji wa nguo, nikashona katika karakana ya watu, kisha jumba la makumbusho likanichukua nitengeneze nguo kuukuu. Sasa napanga maonyesho. Njiani niliingia katika jambo ambalo hakuna aliyenituma: historia ya wanawake wa burlesk. Waswidi huita hivyo michezo ile ya jukwaani ambamo mwanamke aliimba, akawakejeli wakubwa, akavua nguo kidogo kidogo huku ngoma ikimfuata. Nimewahoji kadhaa. Wamezeeka, na karibu wote waliniuliza kwanza kama nimetumwa na kanisa.

Gauni lenyewe, lililotufikia bila jina la mwenyewe, ni satini ya kijani, vipande viwili tu, mbele na nyuma. Upande wa kulia umeshonwa. Upande wa kushoto, kutoka begani mpaka pindoni, hakuna mshono, kuna kulabu ndogo ndogo. Mkuu wa idara anaona ubavu uliofumuka ukazibwa na mtu asiyejua kazi, kwa sababu kulabu zimegeuzwa. Ni kweli zimegeuzwa. Fundi hupachika kulabu ili isiachie. Hizi zimepachikwa ili ziachie. Ukivuta utepe mmoja uliofichwa kiunoni, kwa mkono wa kushoto, zinafunguka zote kwa mfululizo na gauni linabaki mkononi.

Nilimweleza hayo. Nikamweleza pia kwamba mwenyewe anajulikana: ni Bi Gunvor, mmoja wa wanawake hao wa jukwaani, yu hai, anakaa Hässelby, mwisho wa reli ya kijani, na simu yake anaipokea kabla haijalia mara ya tatu.

"Kumbukumbu za bibi mzee si ushahidi," akasema. "Na hili ni jumba la historia ya kuvaa, si la historia ya kuvua."

"Kila aliyevaa nguo zilizomo humu alizivua," nikamjibu.

Mwenyekiti wa kamati akakohoa. Kilikuwa kicheko. Mkuu wa idara hakucheka. Alisema anashangaa kuyasikia hayo kwangu mimi, mwanamke niliyetoka kwenye jamii yenye heshima. Kisha, akifunga faili taratibu, akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha Desemba.

Heshima yangu sikumpa aniwekee.

Lakini ukali wangu wa leo una aibu ndani yake, na kazini sijamwambia mtu.

Mwaka 1968, nikiwa karakana, Bi Gunvor alileta gauni hilihili arudishiwe kulabu moja iliyong'oka. Mimi nikaona ubavu mzima wazi. Nikamhurumia. Nikaushona wote, mishono miwili miwili, kama shangazi alivyonifundisha Tanga, nikapiga na pasi. Nilijisifu siku nzima.

Kesho yake aliingia na gauni begani. "Nani amenitia kwenye gunia?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Akasema usiku uliopita jukwaani ngoma ilipigwa mara tatu, akavuta, akavuta tena, akageuka na kuvutia upande wa pili. Watu wakadhani ni kichekesho kipya. Ikabidi ainame, ashukuru na kutoka. "Miaka thelathini jukwaani," akasema, "na jana ndiyo mara ya kwanza nimepigiwa makofi kwa kubaki na nguo." Kisha akavuta kiti, akanifumulisha mshono wangu mwenyewe, uzi mmoja mmoja, akinieleza kila kulabu ina kazi gani. Kila nilichokiandika baadaye kuhusu wanawake hawa kilianzia kwenye kiti kile.

Kwa hiyo anachokiagiza mkuu wa idara nimeshakifanya. Najua matokeo yake.

Kwetu nako si rahisi. Jumapili nilikuwa Spånga kwa Mwanaisha, muuguzi, tuliyesoma naye Tanga. Nikamwambia nimepata gauni la kuvulia.

"Kuvulia samaki?"

"Kuvulia nguo."

Akaweka sahani chini. "Shoga, mama yako anajua?"

"Anajua nafanya kazi makumbusho."

"Basi hajui."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Ila aliponisindikiza kituoni aliniomba nisilitaje jambo hilo mbele ya Watanzania wengine, maana watasema yeye ndiye rafiki yangu. Nilimwahidi kwamba nitafikiri. Nimefikiri. Nitalitaja.

Maana neno ni hilohilo. Kwa Kiswidi nililitafutia tafsiri, nikaishia na sentensi nzima. Kwetu ni tamko moja: la kuvulia. Gauni ambalo kuvuliwa ndiyo kazi yake. Ukilishona, umebakiza satini.

Saa sita mchana nilimpigia Bi Gunvor. Nikamwambia kwamba baada ya kikao mwenyekiti wa kamati ametupa dakika kumi, Alhamisi, tuoneshe gauni lilivyofanya kazi, na kwamba vazi la makumbusho halivaliwi na mtu, hata mwenyewe.

"Basi shona jingine."

"Litakutosha wewe?"

"Mimi sasa ni mpana kama mlango. Litakutosha wewe. Utalivaa, nami nitavuta."

Nilimfikiria Mwanaisha. Nilifikiria Desemba.

"Ama unaogopa?" akauliza.

"Nitavaa sweta ndani," nikasema. "Na suruali ya sufu."

"Vaa hata koti. Wao waangalie kulabu."

Kitambaa ninacho. Ni doti ya kanga niliyokuja nayo, vipande viwili, mbele na nyuma, kama satini ile. Leo nimekata na kushona upande wa kulia. Kesho napachika kulabu za kushoto, zote zikiwa zimegeuzwa. Maandishi ya kanga, "Usilolijua ni usiku wa giza," yatakaa kifuani, na mkuu wa idara akiuliza maana yake, nitamtafsiria neno kwa neno.

Alhamisi, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili. Bi Gunvor nitampokea kituoni saa tatu na nusu. Mkasi nitauchukua, endapo kulabu itakwama.

Sindano naiacha nyumbani.